Kompyuta Iliyopigwa na Umeme Mkubwa: Namna ya Kutambua Kilichoungua

Misimu ya masika na vuli inapoanza, meza za mafundi wa kompyuta hujaa mashine zenye historia moja. Ni kompyuta ya mezani ya duka la steshenari, ya ofisi ya shule au ya zahanati, ambayo ilikuwa kazini umeme ulipokatika, na umeme uliporudi haikuwaka tena. Mara nyingi mwenye mashine hufika akiwa ameshaambiwa na mtu kwamba ubao mama, yaani mazabodi, umeungua na kwamba hana budi kununua kompyuta nyingine. Hukumu hiyo hutolewa upesi kuliko inavyostahili. Pawa saplai, yaani kisanduku cha ndani kinachobadilisha umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kompyuta, imetengenezwa iwe ya kwanza kukutana na umeme wa ukutani, na katika mashine nyingi za namna hii ndiyo peke yake iliyokufa, huku ubao, prosesa na data za mwenyewe zikiwa salama.

Mwongozo huu unahusu zaidi kompyuta ya mezani yenye pawa saplai ya kawaida ya ATX, muundo unaotumika kwenye kompyuta nyingi za mezani. Kanuni inayouongoza ni kuifuata njia ambayo umeme uliingilia, kuanzia ukutani kuelekea ndani, ukipima kila kituo kabla ya kwenda kinachofuata, na kutokichomeka kamwe kifaa kizima kwenye kifaa ambacho bado unakitilia shaka. Nimeona mashine nyingi zikiharibiwa mara ya pili mezani kwa fundi kuliko nilivyopenda kuona: RAM (kumbukumbu ya muda) nzima au diski nzima inatolewa kwenye kompyuta nyingine ili "kujaribia", inachomekwa kwenye mashine ambayo pawa saplai yake inatoa volti zisizofaa, na sasa wagonjwa ni wawili.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: kipima umeme cha kidijitali kinachoweza kupima volti 600 au zaidi za umeme wa ukutani, bisibisi ya nyota, tochi, kipande kifupi cha waya, spika ndogo ya ubao mama inayotoa mlio wa bipu, na, ukiweza kuipata, pawa saplai nyingine ambayo una hakika ni nzima.

Uliza kabla ya kufungua

Umeme mkubwa hauji kwa namna moja, na kila namna huacha madhara yake. Radi haihitaji kuipiga nyumba yenyewe. Ikipiga jirani, huamsha volteji kubwa kwenye kila waya mrefu uliopo, uwe wa nguzo za umeme, wa intaneti unaoshuka kutoka paani, au wa dishi la televisheni. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na fundi wa Mwanza, Bukoba au Kisumu anapaswa kuanza kwa kuuliza kuhusu nyaya hizo nyingine, kwa sababu umeme wa radi mara nyingi hupitia mlango wa mtandao au wa HDMI na kuiacha pawa saplai bila jeraha.

Namna ya pili ni umeme kurudi baada ya kukatika. Friji, pampu na mota za mtaa mzima huanza kuvuta kwa wakati mmoja, volteji huyumba, huweza kukatika na kurudi mara kadhaa ndani ya sekunde chache, na pawa saplai iliyokwisha kuchoka humalizikia hapo.

Namna ya tatu ndiyo ninayoiogopa zaidi, nayo ni waya wa nyutro, yaani wa kurudishia umeme, kukatika au kulegea. Umeme wetu wa nyumbani ni wa volti 230 kati ya fezi (waya wenye umeme) na nyutro, lakini kati ya fezi moja na nyingine zipo volti 400. Nyutro inapopotea kwenye laini inayohudumia nyumba nyingi, nyumba zenye vifaa vichache vilivyowashwa huweza kupata volti zinazopanda kuelekea 400, na hali hiyo huweza kudumu kwa dakika nyingi. Ishara yake ni taa za nyumba moja kuwaka kwa mwanga mkali usio wa kawaida ilhali za jirani zinafifia, kisha vifaa kadhaa kufa pamoja. Ekstensheni yenye kinga haisaidii sana hapo, kwa kuwa kinga yake imeundwa kuhimili mshituko wa muda mfupi mno, wala si volteji kubwa inayodumu.

Kwa hiyo muulize mwenye mashine mambo haya na uandike majibu: ni vifaa gani vingine vilikufa siku hiyo, kompyuta ilikuwa imechomekwa wapi, ilikuwa imeunganishwa na waya wa mtandao, printa au televisheni, alisikia mlio au harufu, na je, kuna mtu aliyejaribu kuiwasha au kuifungua baada ya tukio. Swali hili la mwisho liulize kwa upole, maana wengi huona haya kukiri.

Soketi, ekstensheni na plagi

Usiichomeke kompyuta wala pawa saplai mpya mahali palepale ilipopigwa kabla ya kupapima. Weka kipima umeme kwenye volti za AC, kiwango cha 600 au 750, shika ncha zake kwenye plastiki tu, kisha pima kati ya fezi na nyutro. Unatarajia namba iliyo karibu na 230. Ikipita 250, au ikipanda na kushuka bila kutulia, usiendelee. Hilo ni tatizo la nyumba au la laini, na linamhitaji fundi umeme mwenye leseni. Pima pia kati ya fezi na waya wa ardhi, ambako unapaswa kupata karibu namba ileile, kisha kati ya nyutro na ardhi, ambako zinapaswa kuwapo volti chache tu. Kama kati ya fezi na ardhi hupati kitu, au namba inaelea tu, nyumba hiyo haina ardhi inayofanya kazi, na kinga zote zinazotegemea ardhi hazina kazi hapo. Kama hujazoea kupima umeme wa ukutani, mwachie anayejua. Sehemu zote zinazofuata zinaweza kusubiri.

Baada ya soketi, kagua plagi. Plagi za pini tatu za mraba tunazotumia zina fyuzi ndani, mara nyingi ya ampea 3, 5 au 13. Itoe na uipime kwa kipimo cha ukinzani (ohms): fyuzi nzima husoma karibu na sifuri, iliyokatika haisomi kitu. Pima vilevile waya wa umeme wa kompyuta kutoka ncha hadi ncha. Mashine imewahi kuletwa kutoka wilayani kwa basi kwa sababu ya fyuzi ya namna hii, na gharama ya nauli ilizidi bei yake mara nyingi.

Angalia pia nyuma ya pawa saplai. Za zamani zina swichi ndogo nyekundu ya kuchagua 115 au 230. Baada ya kompyuta kugoma, watu hubonyeza kila kinachobonyezeka. Swichi hiyo ikiachwa kwenye 115 na mashine ikachomekwa kwenye umeme wetu, pawa saplai hulipuka.

Pawa saplai

Chomoa kompyuta ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili chaji iliyobaki itoke, kisha fungua ubavu wa kasha. Kabla ya kugusa kitu, nusa. Harufu ya kuungua hukaa siku kadhaa, na pua huweza kukuonyesha kama inatoka kwenye tundu za pawa saplai, karibu na prosesa au kwenye milango ya nyuma. Mulika kwa tochi utafute masizi, kapasita (vikopo vidogo vya kuhifadhi chaji) zilizovimba kichwani, na vipande vidogo vyeusi vyenye kitundu katikati.

Pawa saplai yenyewe usiifungue. Ndani yake mna kapasita kubwa zinazobeba takriban volti 325 za DC, na zinaweza kubaki na chaji ya kuumiza hata baada ya kuchomolewa. Fyuzi iliyo ndani nayo haikatiki bure: hukatika kwa sababu kifaa kingine nyuma yake kimepiga shoti, hivyo kuibadilisha fyuzi peke yake ni kutafuta mlipuko wa pili.

Upimaji hufanyika nje. Chomoa viunganishi vyake vyote: kile kipana cha pini 24 kwenye ubao mama, kile cha pini 4 au 8 karibu na prosesa, na vyote vya diski na kadi. Chomeka pawa saplai ukutani ikiwa imejitenga hivyo. Weka kipima umeme kwenye volti za DC 20, ncha nyeusi kwenye waya mweusi wowote wa kiunganishi cha pini 24, ncha nyekundu kwenye waya wa zambarau. Huo ni umeme wa kusubiri, unaokuwapo hata kompyuta ikiwa imezimwa, na unapaswa kusoma volti 5. Ukisoma sifuri wakati soketi ni nzima, pawa saplai imekufa kwenye upande wake wa kuingizia umeme, na hilo ndilo kovu la kawaida kabisa la nyutro kukatika.

Ukipata volti 5, zima na uchomoe, unganisha waya wa kijani na mweusi ulio jirani yake kwa kile kipande kifupi cha waya, ambatisha feni ya zamani ili pawa saplai ipate mzigo kidogo, kisha uchomeke tena. Feni ikizunguka bado hujapata jibu kamili. Zunguko la feni linaonyesha tu kwamba pawa saplai imekubali kuamka. Pima kila rangi. Waya wa njano unapaswa kusoma kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Waya wa kijivu, ambao huuambia ubao mama kwamba umeme umetulia, unapaswa kusoma karibu na volti 5. Ukisoma sifuri ilhali nyingine zote ni sawa, kompyuta haitawaka na utamlaumu asiyehusika. Pawa saplai inayotoa namba nje ya mipaka hiyo isirudishwe kwenye mashine hata kama "inawasha".

Tahadhari mbili ni za lazima. Pawa saplai nyingi za siku hizi zina nyaya nyeusi tupu, na hapo ni lazima ufuate mchoro wa pini: ya 16 ndiyo ya kuwashia (mahali pa waya wa kijani), ya 17 ni ardhi (mahali pa waya mweusi). Pili, kompyuta nyingi ndogo za ofisini zinazouzwa zikiwa zimetumika zina pawa saplai za muundo wa kiwanda chake, zenye viunganishi vya idadi nyingine ya pini, na njia hii ya waya wa kijani haizihusu. Kwa hizo, tafuta mwongozo wa modeli husika au jaribu pawa saplai ya modeli ileile.

Ubao mama, kabla ya kuupa umeme mpya

Shauku ya kuchomeka pawa saplai mpya ni kubwa hapa, na ni heri kuizuia kwa dakika chache. Kompyuta ikiwa haina umeme kabisa, weka kipima umeme kwenye ukinzani na upime ndani ya soketi ya pini 24 ya ubao, kati ya ardhi na mahali pa volti 12, kisha 5, kisha 3.3, na halafu kwenye kiunganishi cha pini 4 au 8 cha prosesa. Namba ikianza chini na kupanda taratibu, ni kapasita zinachaji na hakuna tatizo. Ikibaki karibu na sifuri, kuna shoti, na mara nyingi transista za kulisha prosesa ndizo zilizopasuka. Usiichanganye hali hiyo na ukinzani mdogo unaopatikana kwenye koili zinazozunguka prosesa, ambao ni wa kawaida. Mafundi wachanga huhukumu ubao mzima kwa kipimo hicho.

Kama hakuna shoti, uondoe ubao kwenye kasha na uuweke juu ya kadibodi kavu. Acha prosesa, feni yake na kijiti kimoja cha RAM. Ondoa diski, kadi ya picha ikiwa prosesa ina uwezo wake wa kuonyesha picha, na kila kilicho kwenye USB. Unganisha spika ya bipu na pawa saplai uliyoipima. Gusanisha pini mbili za kitufe cha kuwashia kwa ncha ya bisibisi.

Ikiwaka na kuzimika mara moja, kuna shoti ambayo hukuipata au ulinzi wa pawa saplai unakataa. Isipoonyesha uhai wowote, toa betri ya CR2032, subiri dakika chache, irudishe ikiwa bado inasoma karibu na volti 3, kisha jaribu tena, kwa sababu mshituko wa umeme huweza kuvuruga mipangilio ya BIOS, programu ya msingi iliyo kwenye ubao, bila kuunguza kitu. Ikizungusha feni bila picha, fanya jaribio ninaloliamini kuliko yote: toa RAM yote na uwashe. Kwenye mbao nyingi, ubao ukilia bipu kulalamika kwamba hauna RAM, basi prosesa inafanya kazi, BIOS inasomeka, na sehemu kubwa ya ubao ni hai. Ukikaa kimya bila RAM na ukakaa kimya ukiwa nayo, shaka inaelekea kwenye ubao au, kwa nadra zaidi, prosesa. Mbao nyingi mpya zina taa ndogo nne zinazoonyesha mahali uwashaji ulipokwama: prosesa, RAM, picha au diski.

RAM ijaribiwe kijiti kimoja kimoja, katika kila tundu. Kijiti kinachokataliwa kila mahali kimekufa. Vijiti vyote vikikataliwa kwenye tundu moja tu, tundu au njia yake ndiyo yenye kasoro.

Diski, yaani data

Kwa mwenye duka au mwalimu mkuu, kilicho ndani ya diski kina thamani kuliko mashine yote: orodha ya wadeni, matokeo ya wanafunzi, hesabu za miaka. Kwa hiyo diski isijaribiwe kwenye mashine yenye shaka hata kwa sekunde moja. Ipeleke kwenye kompyuta nzima kwa kutumia kasha au waya wa kubadilisha SATA (kiunganishi cha diski) kuwa USB.

Diski ya kuzunguka ina dayodi za kinga kwenye ubao wake wa chini, moja kwa njia ya volti 5 na nyingine kwa volti 12. Volteji ikizidi, dayodi hiyo hupiga shoti kwa makusudi ili kuokoa kilicho nyuma yake. Dalili yake hupotosha wengi: kompyuta haiwaki kabisa diski ikiwa imechomekwa, na inawaka vizuri ikichomolewa. Diski hiyo haijafa. Fundi mwenye mkono mwepesi wa kulehemu anaweza kuiondoa dayodi iliyopiga shoti, data zikanakiliwa mara moja, na diski ikastaafu kwa kuwa sasa haina kinga. Kinachoharibu nafasi hiyo ni kununua ubao wa diski nyingine ya modeli ileile na kuubadilisha tu. Diski za miaka ya karibuni huhifadhi vipimo vyake binafsi kwenye chipu ya ubao wake, na bila kuihamisha chipu hiyo ubao mgeni hautaisoma.

Ikisomeka, nakili kwanza. Usiendeshe programu ya kurekebisha makosa kabla ya kunakili, kwa kuwa programu hizo huandika juu ya diski na kuilazimisha kufanya kazi nzito ikiwa dhaifu. Baada ya nakala kukamilika ndipo usome taarifa za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujitunzia, kwa programu ya CrystalDiskInfo au smartctl. Namba ya 5 huonyesha sehemu zilizohamishwa, ya 197 sehemu zinazosubiri kuhukumiwa. Zikiwa juu ya sifuri na zinaongezeka, diski isipewe kazi tena. Namba ya 199 huelekea zaidi kwenye waya wa data, ambao ni rahisi kubadilisha. Diski za SSD, yaani zisizozunguka, zikipigwa hazina huruma hiyo: mara nyingi huonekana au hazionekani kabisa, na zisipoonekana ni kazi ya wataalamu wa kuokoa data.

Milango ya nje na kompyuta mpakato

Kompyuta ikiwaka, usiirudishe bado kwa mwenyewe. Chomeka waya wa mtandao kwenye ruta iliyo nzima uone kama taa ya mlango inawaka. Isipowaka, gusa kwa tahadhari chipu iliyo nyuma ya mlango huo. Ikiwa ya moto ilhali haina kazi, izime kwenye BIOS na uweke kadi ya mtandao ya pembeni au ya USB. Jaribu kila mlango wa USB, sauti na HDMI kwa kifaa cha bei ndogo, si kwa simu ya mteja.

Kompyuta mpakato huwa na bahati zaidi, kwa kuwa chaja hupokea pigo na betri hubaki katikati. Pima ncha ya chaja: nyingi husoma karibu na volti 19, na namba sahihi imeandikwa kwenye lebo yake, isipokuwa za USB-C ambazo, zikipimwa bila mashine, huweza kutosoma kitu au kusoma volti 5 tu, kwa kuwa hutoa volti kubwa zaidi baada tu ya kuelewana na mashine. Chaja ikisoma sawa na mashine ikabaki kimya, ondoa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha jaribu kwa chaja pekee. Ikishindikana hapo, tatizo liko kwenye njia ya kuingizia umeme ndani ya ubao, ambayo hutengenezeka mikononi mwa fundi wa vipande vidogo.

Mashine iliyopona

Umeme mkubwa huweza kukijeruhi kipande bila kukiua siku hiyohiyo. Endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Kosa hata moja linatosha kuikataa RAM hiyo au tundu lake. Kisha iache mashine ifanye kazi halisi kwa siku kadhaa, na kwenye Windows ufungue kumbukumbu za matukio utafute tukio la Kernel-Power namba 41, ambalo huandikwa mashine inapozimika bila kuagizwa. Likirudi mara kwa mara wakati umeme wa ukutani umetulia, ubao au pawa saplai bado ina jeraha. Maoni yangu ni kwamba ubao uliopigwa na radi kupitia waya wa mtandao, hata ukipona, usipewe kazi ya kutunza hesabu au kumbukumbu za wagonjwa. Upewe kazi ya kuchapa barua.

Ekstensheni yenye kinga iliyokuwapo siku ya tukio ibadilishwe hata kama bado inapitisha umeme. Kinga iliyo ndani yake huchakaa kwa kila pigo na, ikishamalizika, soketi zake huendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Zenye taa ya kuonyesha kinga humsaidia mtumiaji, mradi aelezwe kwamba taa hiyo ikizimika kinga imekwisha. Mwenye mashine umwandikie kwenye karatasi volti ulizozipata kwenye soketi yake, hasa kati ya nyutro na ardhi, ili fundi umeme atakayekuja aanzie hapo.